Mwiba wa Kirusi Humtafuta Popo Gani

Kule Keumbu, kwenye barabara ya kutoka mji wa Kisii kwenda Keroka, popo hahitaji pango. Mabati ya darasa, dari ya kanisa, upenyo ulioachwa kati ya ukuta na paa la duka: hapo panamtosha. Magharibi hutoka kwa mkupuo kuwinda wadudu, na asubuhi michirizi ya kinyesi chake huonekana ukutani. Zamani kero ilikuwa harufu. Tangu Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19, tarehe 13 Machi 2020, swali limekuwa jingine: hawa wanaolala juu ya vichwa vya watoto wana korona, na korona yao inaweza kutushika?

Sehemu ya kwanza ina jibu fupi: virusi vya jamii ya korona wanavyo, na si popo wa aina moja tu. Sehemu ya pili ndiyo ngumu. Kwa maoni yangu, ugumu wake umeongezwa na mazoea ya kuliuliza swali kuanzia upande wa binadamu, ilhali mambo huamuliwa upande wa popo. Kirusi cha popo hakikuumbika ili kimshike mkazi wa Kisii. Kinaishi kwa kushikana na seli za popo wa aina fulani, na anayetaka kupima hatari yake hana budi kumjua popo huyo kwanza. Bahati ni kwamba mifano mizuri ya jambo hili haiko mbali. Iko Kenya, Uganda na Rwanda.

Julai na Agosti 2006, watafiti wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichukua sampuli za popo 221 katika maeneo 14 ya nusu ya kusini ya nchi. Popo 41 walikutwa na virusi vya korona. Matokeo yalichapishwa 2009, nayo yakawa ya kwanza kuonyesha virusi hivyo kwa popo wa Afrika. Kila kirusi kilipewa herufi KY na namba. KY06 kilitoka kwa Rousettus, mla matunda anayelala pangoni. KY24 kilitoka kwa Eidolon helvum, popo mkubwa wa rangi ya majani makavu ambaye huhama kwa makundi makubwa. KY43 kilitoka kwa Cardioderma cor, mwenye kinyama puani chenye umbo la moyo. KY22 kilitoka kwa Chaerephon, na hapo msomaji wa Keumbu ainue sikio, kwa sababu jamii hiyo ya popo wadogo, wenye mkia unaochomoza nje ya utando, ndiyo inayopenda kulala chini ya mabati. Mwaka mmoja baada ya sampuli hizo kuchukuliwa, 2007, kikapatikana kingine, BtKY72, kutoka kwa popo wa jamii ya Rhinolophus, wale ambao kinyama cha pua zao kimejikunja kama kwato. Hicho ni jamaa wa kirusi cha SARS, na kwa hiyo ni jamaa wa mbali wa kile kilicholeta Covid-19.

Virusi hivyo vilipatikana kwa wingi kwenye kinyesi. Kwa popo, korona huishi hasa utumboni, na mwenye nayo mara nyingi haonyeshi kuumwa. Kwetu sisi huingilia puani na kooni na kushuka mapafuni. Huo tayari ni umbali mkubwa wa kusafiri, kabla hata hatujazungumzia kushikana na seli.

Sasa tuliangalie tendo lenyewe la kushikana. Kirusi cha korona kimezungukwa na miiba ya protini. Kila mwiba ni protini tatu zilizosokotana, na karibu na ncha yake kuna kipande kidogo kinachogusa protini fulani iliyojitokeza juu ya seli. Hiyo protini ya seli ndiyo kipokezi. Haikuwekwa pale kwa ajili ya virusi. Ina kazi yake. ACE2, ambayo jina lake lilivuma wakati wa Covid-19, ni kimeng'enya kinachosaidia kurekebisha shinikizo la damu. Iligunduliwa mwaka 2000, na kufikia 2003 ikajulikana kwamba kirusi cha SARS huingia kwa kuishika hiyo. APN hukata vipande vya protini, na tangu 1992 inajulikana kwamba 229E, kirusi cha mafua ya kawaida, huitumia. DPP4 ilitajwa 2013 kuwa kipokezi cha MERS, ugonjwa wa ngamia na watu wa Uarabuni.

Mgusano wenyewe ni mdogo ajabu. Katika protini ya mwiba yenye asidi amino zaidi ya elfu moja, zinazokutana moja kwa moja na ACE2 hazifiki hata thelathini. Badili moja iliyo mahali penye uzito, na mshiko unaweza kulegea kabisa au kukaza. Na kushika peke yake hakutoshi. Baada ya mwiba kushika, vimeng'enya vya seli lazima viukate ili ufunguke na kuunganisha utando wa kirusi na utando wa seli. Asipopatikana wa kuukata, kirusi hubaki nje kimeng'ang'ania ukuta.

Vitabu vya shule hulieleza hili kwa mfano wa ufunguo na kufuli. Mfano huo hufaa kwa somo la kwanza, kisha huanza kupotosha, kwa sababu kufuli hukaa vile lilivyotengenezwa. Kipokezi hakikai. Mwaka 2012 watafiti walilinganisha jeni ya ACE2 ya popo na ya wanyama wengine wanyonyeshao, wakakuta kwamba kwa popo imebadilika kwa kasi isiyo ya kawaida, na zaidi pale pale ambapo miiba ya virusi hushika. Tafsiri yake ni kwamba popo na korona wamekuwa wakisukumana kwa muda mrefu mno: mwenyeji hubadili umbo la kipokezi bila kupoteza kazi yake, mgeni naye hubadili mwiba. Ndiyo maana aina mbili za popo wanaolala pango moja zinaweza kuwa na ACE2 zisizofanana. Utafiti wa 2021 ulijaribu ACE2 za aina 46 za popo, na yapata nusu yake hazikuweza kupitisha kirusi cha SARS. Kwa hiyo msemo kwamba popo hubeba korona zote ni uvivu wa kufikiri. Duniani kuna aina zaidi ya 1,400 za popo, na kirusi kinachompata mmoja huweza kushindwa kabisa kwa jirani yake.

Turudi kwa BtKY72. Hapo awali kiliaminika hakina habari na ACE2 hata kidogo. Virusi vya kundi la SARS kutoka Afrika na Ulaya vilipojaribiwa kwenye ACE2 ya binadamu, vilishindwa, na wengi wakahitimisha kwamba uwezo huo ni wa Asia peke yake. Mwaka 2022 watafiti wa Seattle, Tyler Starr, Jesse Bloom na David Veesler wakiwemo, walionyesha kosa lilikuwa wapi: kirusi kilikuwa kimepewa kipokezi kisicho chake. Walipokijaribu na ACE2 ya popo, kirusi cha Kenya kilishika. Wakaonyesha pia kwamba kushika ACE2 ni tabia ya kale ya ukoo huo mzima, ambayo baadhi ya matawi ya Asia yameipoteza. Kisha wakabadili asidi amino mbili tu kwenye mwiba wa BtKY72, ile ya nafasi ya 493 na ile ya 498, na kikaweza kuingia kwenye seli zenye ACE2 ya binadamu.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana habari ya namna hii ikifika kwenye simu za watu hugeuka kuwa kwamba kirusi cha Kenya kimebakiza hatua mbili kiwe janga. Sivyo. Jaribio hilo halikutumia kirusi kizima. Hutumika ganda la kirusi kingine, lililopunguzwa nguvu lisiweze kuzaana, likavikwa mwiba unaochunguzwa. Linaingia kwenye seli mara moja, linang'aa ili lihesabiwe, basi. Linajibu swali moja tu la kuingia. Halisemi kama kirusi kitazaana humo ndani, kama kitaishinda kinga ya mwili, au kama kitapita kutoka mtu hadi mtu. Tena hakuna anayejua kwamba mabadiliko hayo mawili yamewahi kutokea porini. Kuna jambo jingine ambalo halikutiliwa maanani vya kutosha: ACE2 ya popo iliyokipokea kirusi cha Kenya katika jaribio hilo ilikuwa ya Rhinolophus affinis, popo wa Asia. Kirusi kutoka Afrika Mashariki kilipimwa kwa mwenyeji wa bara jingine, kwa sababu jeni za popo wa Asia zilikuwa zimesomwa na kuwekwa tayari. Ni kazi nzuri, nami siibezi, ila inaonyesha wazi ni popo wa nani wanaofahamika na ni wa nani wanaokisiwa.

Jamaa za BtKY72 wamepatikana pia Uganda na Rwanda, kwa popo hao hao wenye pua ya kwato. Virusi hivyo vilipochapishwa 2021 ilionekana kwamba kipande cha mwiba kinachoshika kina pengo, yaani asidi amino kadhaa hazipo zikilinganishwa na SARS, na havikuweza kutumia ACE2 ya binadamu. Miaka miwili baadaye kile cha Rwanda, PRD-0038, kilijaribiwa upya kwa ACE2 za popo mbalimbali, na kikashika za aina kadhaa vizuri tu. Hadithi ni ile ile: kirusi kinachoonekana kiwete mbele ya binadamu kinatembea bila shida nyumbani kwake.

Mfano unaonivutia kuliko yote unatoka kusini magharibi mwa Uganda. Mwaka 2013 popo mdogo aitwaye Pipistrellus hesperidus alikutwa na kirusi kilichopewa jina PDF-2180, jamaa wa karibu wa MERS. Kilipoelezwa mwaka 2017, tayari ilijulikana kwamba MERS hushika DPP4, kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kuujaribu mwiba wa PDF-2180 kwa DPP4 ya binadamu. Ukagoma. Wengi wakapumua: kirusi hiki hakituhusu. Kisha 2020 kundi la Marekani likaongeza tripsini, kimeng'enya cha utumbo kinachokata protini, na kirusi hicho kikaingia kwenye seli za binadamu bila hata kuhitaji DPP4. Kumbe kizuizi hakikuwa kwenye kushika peke yake, kilikuwa kwenye kukatwa pia. Mwaka 2022 wanasayansi wa China wakatoa jibu ambalo halikutarajiwa: PDF-2180, pamoja na NeoCoV cha Afrika Kusini, kipokezi chao ni ACE2 ya popo. Jamaa wa MERS wanatumia kipokezi cha ukoo wa SARS. ACE2 ya binadamu hawaiwezi vizuri, ingawa NeoCoV kikibadilishwa asidi amino moja, ya nafasi ya 510, mambo hugeuka.

Ukiangalia ukoo wa kirusi, basi, huwezi kusema kwa uhakika kitashika nini. Sababu moja ni kwamba virusi vya korona hubadilishana vipande vya jeni vikikutana ndani ya mnyama mmoja. Popo wa Kenya wametoa ushahidi wa hili. Popo wa aina ya Triaenops afer wana virusi vinavyofanana na NL63, kirusi kingine cha mafua ya binadamu, na popo wa jamii ya Hipposideros wana vinavyofanana na 229E. Uchambuzi uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba NL63 ya binadamu ina dalili za mchanganyiko wa pande hizo mbili, na mchanganyiko wenyewe uko eneo la mwiba. Ukoo wa mwili mmoja, mwiba wa mwingine.

NL63 inastahili kukumbukwa kila mtu anapotishwa kwa neno ACE2. Iligunduliwa Uholanzi mwaka 2004, na watafiti wa KEMRI huko Kilifi wameifuatilia kwa miaka ikizunguka miongoni mwa watu wa pwani. Inatumia ACE2 ya binadamu, kipokezi kile kile cha kirusi cha Covid-19. Kwa wengi huishia kuwa mafua na kikohozi, mtoto akapona. Kushika kipokezi kimoja hakufanyi virusi viwili kuwa na ukali mmoja.

Ngamia wa kaskazini mwa Kenya wanatoa fundisho la upande wa pili. Kingamwili za MERS zimekutwa katika damu ya ngamia wa Kenya iliyohifadhiwa tangu 1992. Mwiba wa MERS unaishika DPP4 ya binadamu bila kuhitaji badiliko lolote. Wafugaji wanakunywa maziwa ya ngamia, wanawazalisha, wanalala karibu nao. Hata hivyo, watu 1,122 wa Kenya walipopimwa damu iliyochukuliwa 2013 na 2014, wawili tu walikuwa na kingamwili hizo. Kwa hiyo kushika ni sharti, lakini baada ya sharti hilo kuna mengine mengi.

Ndipo inapoingia KY43, kile cha popo mwenye pua ya moyo, kilichochukuliwa 2006. Kwa karibu miongo miwili kilikuwa ni mfuatano wa herufi tu katika hifadhi ya jeni. Katika miaka hii ya karibuni kundi la watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Pirbright ya Uingereza na wenzao wa Kenya, lilijaribu miiba ya korona nyingi za tawi la NL63 na 229E, na KY43 kikaingia kwenye seli za binadamu kama kilivyo, bila kubadilishwa. Hakikutumia ACE2 wala APN. Kilitumia CEACAM6, protini ambayo haikuwahi kuwamo katika orodha ya vipokezi vya tawi hilo. Damu ya Wakenya ilipochunguzwa, haikuonyesha dalili kwamba kirusi hicho kimekuwa kikienea kwa watu kwa kiwango cha kutia hofu.

Kwangu habari hii ndiyo nzito kuliko ya BtKY72, ingawa BtKY72 ndicho chenye ujamaa na SARS na ndicho kilichoandikwa zaidi. Miaka yote hii macho yalikuwa kwa ukoo wa SARS, mikono ikipima ACE2, na kilichoshika seli za binadamu bila msaada kikatoka tawi ambalo watu walilihesabu kuwa la mafua, kupitia kipokezi ambacho hakuna aliyekuwa anakipima. Ni vipokezi vingapi vingine havijapimwa kwa sababu tu havijulikani?

Kwa mtu wa Keumbu, hesabu inakuwa hivi. Cardioderma cor ni popo wa nyanda kavu za chini, wa mibuyu, mapango na magofu; si wa milima ya Gusii yenye mvua na baridi. Rhinolophus, wenye BtKY72 na jamaa zake, hupenda mapango, mashimo na mahandaki, kwa hiyo anayefaa kuwafikiria ni mtu anayeingia kwenye machimbo yaliyoachwa, kuliko anayelala chini ya mabati. Popo wala matunda hushuka kwenye mapera na avokado usiku na kuacha yaliyong'atwa. Chaerephon wa darini wana korona, ila ni za tawi lile la NL63 na 229E, na mwiba wa KY22 haujajipatia sifa kama ya KY43. Tawi peke yake, hata hivyo, si dhamana tena.

Kinachoipa Gusii uzito wake ni ukaribu wa watu na popo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba. Misitu imebaki vipande vidogo, nyumba zimesongamana hadi kwenye miteremko, na popo aliyekosa mti wenye shimo amehamia paa. Kinyesi kinachodondoka darasani kwa miaka hukutana na mapafu ya watoto mara nyingi kuliko pango lolote la kitalii. Ikiwa kuna mwiba unaokaribia kushika, nafasi zake za kujaribu zinahesabika hapo, kwenye vumbi la asubuhi mwanafunzi anapofagia. Kwa mantiki hiyo, sampuli za kutoka madari ya Kisii na Nyamira zingefaa zaidi kuliko safari nyingine ya kwenda pangoni, na pamoja na kinyesi zisomwe jeni za vipokezi vya popo wenyewe, ACE2, APN na CEACAM, ili siku nyingine kirusi cha hapa kisihitaji kuazima popo wa Asia.

Kwa sasa yapo yanayowezekana bila maabara. Kinyesi kisifagiwe kikavu. Kimwagiwe maji yenye sabuni au jiki kwanza, na anayefagia azibe pua na mdomo. Watoto wasipewe kazi hiyo. Tunda lililong'atwa litupwe. Popo aliyeanguka asiokotwe kwa mkono mtupu, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na kwenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ya jamii ya virusi vya kichaa cha mbwa, ambayo kwa jeraha la meno inatisha kuliko korona. Kimojawapo cha virusi hivyo kilipatikana kwa popo wa Shimoni, pwani ya Kenya, mwaka 2009. Kuwachoma moto au kuwapiga mawe kunawatawanya kwenye nyumba za jirani wakiwa na hofu, na popo mwenye msukosuko huelekea kumwaga virusi zaidi. Matundu ya paa yazibwe magharibi, wakishatoka, na si wakati wana makinda yasiyoweza kuruka, maana yatakufia humo darini na kuoza.